Chancelvie na Kilalo ya Acide

Hapana Alphonse, habakumufukuza kazi mujukuu wangu! Chancelvie ametoka kunipigia simu sasa hivi.

Unajua miaka mbili anafanya recherche, anachunguza bilalo, ile madaraja ya mito: kilalo moja itakula bei gani, tangu kuijenga mpaka kuibomoa. Leo chef yake wa kazi, Hénoc, asimama mbele ya bageni benye kutoa kazi, asema: "Hii ni kazi yangu." KAZI YANGU, Alphonse! Na ile fasi ya chercheur, ya mutafiti, eti bamupe shemeji yake.



Mugeni mumoja, mama Wivine, auliza: "Chef, kilalo ya njia ya Kipushi, umeandika kuipakaa rangi kila miaka ine. Ingine yote ni miaka kumi. Juu ya nini?"

Hénoc afungua karatasi, afunga. "Euh... juu ya mvua."

"Mvua inanyesha fasi yote, chef."

Hénoc ageukia Chancelvie: "Mademoiselle, saidia." Na ule mutoto, damu yangu kabisa, asema polepole: "Ni kazi yako, chef. Endelea tu."

ENDELEA TU!! Bantu bakacheka mpaka machozi.

Mama Wivine amuuliza Chancelvie mwenyewe, naye ajibu: "Mama, ba camion ya acide inapitaka pale, inadondosha, na ile asidi inakula rangi mbio. Nilikaa pale wiki tatu, niliihesabia moja moja." Basi bageni bakasema: fasi ya chercheur ni ya huyu.

Bukari, ile ugali ya bageni, ilikuwa inapoa pa meza. Hénoc alisimama pa mulango kama mwizi. Chancelvie akamuvutia kiti pembeni yake, mbele ya bote: "Ikala, chef. Kesho utaanza kunisomea hii recherche, nami nitakufasiria."

Akaikala. Bote bakaikala, bakakula.