Joka la Bugnay na Cheti cha Kapteni

Manila, 3 Mei

Baba mpendwa,

Nauweka mkono wako kwenye paji langu la uso kuomba baraka, kama desturi yetu, hata kama ni kwa barua tu. Hamjambo wewe na Mama? Goti linaendeleaje? Mimi ni mzima wa mwili, roho ndiyo iko juu juu. Mhariri wangu, Bi Altagracia, amenipa kazi moja kabla ya kuamua kama ananiajiri au ananirudisha kwenu na sanduku langu. Nitafute ni nani aliyeanzisha habari ya joka la Bugnay.

Ndiyo, kijiji chetu cha Bugnay. Ile picha ya joka nene kama pipa, yenye maneno "Limeonekana kwenye chemchemi, msije kuoga," imeshazunguka nchi nzima. Bi Altagracia anataka jina la mtu mwenye miguu, si la akaunti, na mwisho ni Ijumaa tarehe 15.

Picha yenyewe haikunisumbua. Siku hizi unaupa mtandao picha badala ya maneno, nao unakuonyesha kila mahali ilikowahi kuwekwa. Ilipigwa miaka sita iliyopita, bara jingine kabisa, na nyuma ya joka wamesimama watu waliovaa makoti mazito. Bugnay nani ana koti? Sasa namsaka aliyeileta kwetu. Wewe umewafundisha wote hapo, wazee kwa vijana. Hujasikia fununu?

Mwanao,
Inday

Bugnay, 5 Mei

Mwanangu Inday,

Mungu akubariki. Sisi wazima, Mama yako anakusalimu na anauliza kama unakula wali au unakula mikate tu. Goti limetulia.

Kuhusu hilo joka, mimi sijasikia kitu. Ninachojua ni kwamba wale vijana wa pikipiki, waliokuwa wakija kila Jumapili kuoga na kunikanyagia mboga zangu, wametoweka. Naketi kibarazani kama askofu. Kweli kina mama sasa wanafua majumbani kwa maji ya kununua, na Padre amekuja kuinyunyizia chemchemi maji ya baraka, lakini kila jambo lina gharama yake.

Halafu hebu nieleze, kwa kutaka kujua tu. Mtu akiweka kitu mtandaoni kisha akakifuta, si ndiyo kimekwisha? Usijitese sana na kazi hiyo. Ualimu bado upo.

Baba yako

Manila, 8 Mei

Baba,

Nauomba mkono wako. Mama hajambo? Goti nalo?

Hapana, hakijaisha. Zipo sehemu zinazohifadhi nakala za kurasa, na wapo watu wanaopiga picha kila wanachokiona. Nimezipanga zote kwa tarehe, nikashuka mpaka ya kwanza kabisa. Iliwekwa na akaunti inayoitwa Heneral Pula, yaani Jenerali Mwekundu, yenye sura ya jogoo mwekundu. Joka limefutwa tarehe 4, siku moja baada ya barua yangu.

Nikaendelea kuchimba picha zake za zamani. Moja inamwonyesha Heneral amesimama juu ya meza. Meza ina kitambaa, na kitambaa kina alama ya pasi iliyozibwa kwa uzi wa njano. Baba, kitambaa hicho nilikiunguza mimi nikiwa darasa la tano, na kiraka alikitia Mama.

Uliapa mbele ya Mama kwamba majogoo wa kupigana umeachana nao. Juzi Mama kaniandikia kwamba unamlea jogoo mmoja wa supu ya Krismasi, na anashangaa mbona anakula mahindi mazuri kuliko yeye.

Ni wewe uliyenirudishia insha zangu na wino mwekundu pembeni: "Nani kasema?" Basi nimeuliza, na aliyesema ni wewe. Nimecheka, kisha nikalia. Jina lako siwezi kuliandika. Nitasema nimeshindwa.

Mwanao,
Inday

Manila, 12 Mei

Baba,

Siku nne bila neno. Mko salama? Nimemwambia Bi Altagracia kwamba mtu namjua ila sitamtaja. Amesema hilo linanifaa kuwa binti mwema, si mwandishi. Hata mtu huyo akijitokeza, lazima aje na uthibitisho, maana mtandaoni yeyote anaweza kujifanya jogoo. Nimeanza kufunga vitu vyangu. Usinikasirikie.

Inday wako

Bugnay, 14 Mei

Mwanangu Inday,

Mungu akubariki. Mimi mzima. Mama yako pia mzima, tena ana nguvu za ajabu, nilizijua nilipomweleza habari za Heneral. Sasa chakula nakila jikoni peke yangu. Mwenzangu Heneral ndiye aliyesamehewa, kwa sababu ni mnyama na hakuapa.

Baada ya hapo nilivaa shati langu la kustaafia, nikaenda kwa Kapteni Nemesio. Unajua mwenyewe kwamba huku kwetu hupati kazi, wala umeme, wala kaburi, mpaka kapteni wa barangay, mkuu wa kijiji, akupe cheti. Jogoo wake mweupe ameshapigwa na Heneral mara tatu, hivyo nilijua atanilipizia. Alicheka mpaka karani akamletea maji. Kisha akaandika, akakisoma kwa sauti mbele ya foleni nzima ya kina mama waliongoja kununua maji kwa ndoo zao, na akagonga mhuri mara mbili. Wengi wao niliwafundisha kusoma. Niliona haya, mwanangu, haya kweli kweli. Lakini wewe ukirudi na sanduku kwa sababu yangu, hiyo nisingeiweza.

Nimempelekea Bi Altagracia cheti hicho, na picha yangu nimemshika Heneral na gazeti la leo, kile kitambaa kimetandazwa mbele yetu, kiraka kikionekana. Amenipigia simu akanihoji mambo ishirini. La mwisho lilikuwa mimi ni nani wako. Nikamjibu, naye akasema: "Mwambie afungue sanduku lake, aandike."

Basi andika, na jina langu liwe zima. Nakunakilia cheti ili usikosee:

"Kwa yeyote anayehusika. Nathibitisha kwamba Crisanto Palmares, miaka 71, mwalimu mstaafu, mkazi wa hapa mwenye tabia njema, ndiye mwongo wa joka. Cheti hiki kimetolewa kwa ombi lake mwenyewe, ili mwanawe apate kazi."

Baba yako