Niliitikia Peke Yangu Ukumbini

Shangazi wa ukurasa wa saba,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimesimama kwenye meza ya pasi, hapa dukani kwa dobi ninakofanya kazi, maana nyumbani nimejaribu mara tatu na mara zote tatu nimeishia kuitazama karatasi. Naomba unisaidie, na tafadhali usinicheke, wengine wameshanicheka vya kutosha. Najua wanaokuandikia wana mambo mazito, waume walevi na mawifi wakorofi, nami nakuletea habari ya mchezo wa kuigiza, lakini Shangazi, mchezo huu ndio ulionishika mkono miaka kumi na minne.

Unaitwa Stesheni ya Mwisho, ule wa nyimbo, bila shaka unaujua. Yule mkata tiketi ambaye mumewe alipanda treni kwenda kutafuta kazi, na kila jioni treni ikiingia yeye anasimama kando ya reli anaimba, "Nani ameshuka?" na kila jioni hashuki mtu wake, mpaka jioni ya mwisho taa zote zinazimwa, anauliza tena kwa sauti ndogo, na kutoka gizani anajibiwa, "Ni mimi, nimechelewa tu." Sasa sisi tunaoupenda tuna desturi yetu. Jibu hilo hatumwachii mwigizaji, tunaliimba naye ukumbi mzima, watu mia sita kwenye giza, na sijui nikueleze vipi ila kwa dakika ile moja huwa sijioni mpweke.

Nauona kila mwaka unaporudi jukwaani, na siendi peke yangu, naenda na rafiki yangu, mwanamke mwenzangu, ambaye watu wote humwita Fundi Pazia, kwa sababu anashona mapazia, na pazia jekundu la ukumbi ule alilishona yeye, ndiyo ikawa mara ya kwanza tukapewa viti viwili vya bure. Vilikuwa viti vibaya, safu ya tatu kutoka nyuma, kimoja kiko nyuma ya nguzo na ukikaa hapo huioni nusu ya stesheni, lakini tulivizoea tukawa tunavikatia tiketi hivyohivyo, nusu ya kwanza mmoja wetu nguzoni, nusu ya pili mwenzake, na tukitoka kila mtu anamsimulia mwenzake upande asiouona. Tumeuona mara thelathini na moja.

Nikuambie na la mume, maana utaniuliza. Aliondoka mwaka uleule mchezo ulipoanza, hata hakuwahi kuuona. Alikwenda kikazi, akapiga simu miaka miwili, halafu simu ikawa haipatikani. Sikuolewa tena, wala sikutaka. Aliacha shati lake jeupe, na kila mwisho wa mwezi nalipiga pasi, kola imeshakuwa ya njano lakini nalipiga, nikijiambia subira yavuta heri, na Fundi Pazia hajawahi kunisema kwa hilo hata siku moja, huwa ananishikia mkono wa shati nikipuliza maji.

Basi mwaka huu wameleta sehemu ya pili. Shangazi, wametuharibia! Pazia linafunguka, miaka kumi imepita, stesheni imepakwa rangi ya buluu, yule mume ni mwigizaji mwingine kabisa, ana kitambi, na wimbo wake wa kwanza analalamika chumvi imezidi. Chumvi! Kama walitaka kutuonyesha ndoa, si tungebaki majumbani tukaiona bure? Ngoma zimekuwa nyingi hata maneno huyasikii. Wanagombana nyimbo nne, mume anaondoka tena, na safari hii mke hasubiri. Anatoka na sanduku dogo la kahawia, anasimama palepale kando ya reli, taa zinazimwa.

Nilijua kinachokuja. Nilisema moyoni, sasa wataturudishia wetu. Kukawa kimya, na kimya kile nakijua, nimekisikia mara thelathini na moja, ndipo anapouliza naye anajibiwa. Sikungoja hata aulize, nilisimama nikaitikia kwa sauti yangu yote, "Ni mimi, nimechelewa tu."

Nilikuwa peke yangu. Hakuitikia mtu, Shangazi, hata mmoja. Walioketi mbele waligeuka, wengine wakacheka, na yule mwigizaji alitazama upande wetu kidogo, halafu akaimba, "Nani anapanda? Ni mimi, nina tiketi yangu, nimeikata kwa mkono wangu." Ukumbi ukapiga makofi mpaka basi. Nami bado nimesimama. Nilimtazama Fundi Pazia anishike mkono, ameinamisha kichwa, analia. Nikamuuliza, "Umeona walivyotufanya?" Akasema, "Mimi nimeupenda." Nikamwambia, "Umependa nini hapo?" Akasema, "Amepanda. Nimefurahi amepanda."

Nilichukua mkoba wangu nikatoka, sikumngoja. Na siku hiyo hata hakuwa na akili ya mchezo, kwani mapumziko yalipofika nilimwambia tubadilishane viti akakataa, akakaa nguzoni nusu zote mbili, na kabla pazia halijafunguka aliniambia, "Nina neno, nitakuambia tukitoka." Neno lenyewe sikulisikia. Wiki tatu sasa simu yake naiacha iite. Nilipita kibandani kwake nikaona kibao cha kushona mapazia kimeteremshwa, nikadhani anakipaka rangi upya, sikuingia. Chakula nakula kwenye sufuria, sahani moja kuichafua naona kazi bure. Redio naiwasha nipate mtu wa kuongea nyumbani.

Juzi nimerudi nikakuta bahasha chini ya mlango. Ndani mna tiketi ya onyesho la mwisho, Jumamosi hii saa tisa alasiri, kiti kile kizuri kisicho na nguzo, na ufunguo wa nyumba yangu ambao nilimpa mwaka niliolazwa hospitali. Hakuandika hata mstari mmoja. Yaani ananirudishia ufunguo kwa sababu ya mchezo! Nimeumia mno. Sina mwingine, Shangazi, simu yangu ukiifungua jina la kupigia ni lake tu. Je, niende nikauone tena upuuzi ule, au nikae na heshima yangu? Na je, nimwandikie mtunzi ili arudishe mwisho wetu? Barua nimeshaianza.

Ni mimi,
Mpiga Pasi

*

Marahaba, mwanangu Mpiga Pasi.

Sikukucheka. Pale pa chumvi nilicheka, lakini hapo uliniita mwenyewe. Ulipoandika kwamba umebaki umesimama na ukumbi unapiga makofi, niliiweka barua chini nikanywa maji kwanza.

Tuanze na mchezo tuumalize, maana ndio mwepesi. Nami niliuona. Ngoma zimezidi, hilo nakubaliana nawe, na yule mwenye kitambi anaimba kama anasoma tangazo la kupotea kwa mbuzi. Lakini wimbo wa sanduku ni mzuri, nawe unajua ni mzuri, ndiyo maana umeniandikia maneno yake yote bila kukosea na umeusikia mara moja tu. Mchezo wa kwanza hakuna aliyekunyang'anya. Ukirudi jukwaani nenda, kaa mahali pako, itikia mpaka sauti ikukauke. Barua ya mtunzi ichane. Ana haki ya kumpandisha mtu wake treni.

Sasa la shati. Hapa nitakuwa mkali, na ukinichukia nichukie. Mtu asiyepiga simu miaka kumi na miwili hajachelewa. Umeushika wimbo ukaufanya ahadi, na mumeo hakuuimba hata siku moja, hata hakuwahi kuuona. Umeniletea subira yavuta heri, nami nakurudishia ngoja ngoja huumiza matumbo, chagua mwenyewe ipi imekukuta. Sikwambii ulitupe. Mwisho wa mwezi huu usilipige pasi, ulikunje uliweke kabatini chini ya mashuka, uone kama dunia itasimama.

Lakini si hayo yaliyonifanya niitangulize barua yako mbele ya walevi na mawifi. Mwanangu, umenieleza rangi ya stesheni, umenieleza rangi ya sanduku, umehesabu na nyimbo za ugomvi. Rafiki yako alikaa kando yako analia, na hukumuuliza analilia nini.

Hebu soma barua yako upya kama vile kaiandika jirani. Mwanamke anasema ana neno la kumwambia mwenzake. Anakataa kubadilishana viti, anakaa nyuma ya nguzo nusu zote mbili, anakuachia wewe uuone mchezo mzima, kitu ambacho miaka kumi na minne hamkuwahi kufanyiana. Anamwona mtu kashika sanduku anapanda treni, machozi yanamtoka, anasema amefurahi. Kibao cha kazi yake kimeshushwa. Nawe unadhani anakipaka rangi! Halafu anakurudishia ufunguo. Nani anarudisha ufunguo wa nyumba kwa sababu ya mchezo? Anarudisha aliyeona kwamba hatakuwa karibu siku ukiugua.

Fundi Pazia anaondoka, mwanangu. Mimi si mpiga ramli, sijui anakwenda wapi wala kwa nani, labda kazi, labda ndugu, labda amechoka tu kutazama mapazia ya wenzake. Ninalojua ni kwamba alitaka ulisikie kwake kwanza, akachagua siku ya mchezo wenu alisemee huko, na ulipotoka hukumngoja. Ameliita jina lako kwenye simu wiki tatu. Alipokosa mtu wa kupokea, amekukatia tiketi, na kiti kizuri amekupa wewe tena.

Unasema ukumbi mzima hakuna aliyeitikia. Ni kweli, na imeniuma. Lakini kuna mtu mmoja alikuwa anakuuliza, nawe hukuitikia.

Sasa nisikilize, na usinijibu kwanza. Gazeti hili linatoka Alhamisi. Jumamosi ni kesho kutwa. Usingoje Jumamosi. Ukimaliza zamu leo, hata kama mashati hayajaisha, mwachie mwenye duka ayamalize, yeye naye ana mikono. Chukua ule ufunguo. Usipeleke malalamiko, wala usianze na habari ya kitambi. Mrudishie ufunguo mkononi mwambie auweke popote aendapo, siku akirudi asigonge. Muulize anaondoka lini. Msaidie kufunga mizigo, wewe unajua kukunja nguo kuliko mtu yeyote aliyewahi kuniandikia. Jumamosi nendeni wote wawili, na safari hii kaa wewe nguzoni. Aone upande wote wa stesheni, mara moja, kabla hajapanda. Yule mwenye sanduku akiuliza nani anapanda, mwenzako akijibu, jibu naye, hata kama sauti inakukatika.

Utalia ukirudi nyumbani peke yako, sikudanganyi. Nyumba itakuwa kimya na redio haitatosha. Lia, kisha teremsha sahani, pakua chakula, kula kama mtu. Wiki inayofuata mpigie simu umuulize chumvi ya huko ikoje. Na kwenye ukumbi ule kuna watu mia sita wanaojua wimbo mmoja na wewe, jifunze jina la mmoja wao.

Lakini hayo ni ya baadaye. La leo ni mlango wake. Nenda ukagonge. Atauliza kutoka ndani, "Nani?" na jibu lake umeliimba miaka kumi na minne.

Shangazi