Kinu cha Buluu

Rwamgasa, Geita
9 Agosti 1983

Kwa Ndugu Pazi,

Salaam nyingi. Mimi na mke wangu Anisia tu wazima, ila vumbi la huku linatukohoza. Wewe hujambo? Mama watoto je? Na kifundo cha mkono wako wa kulia kinaendeleaje? Mbele utajua kwa nini nakiulizia.

Kalisti, fundi wetu wa karakana ya chuo, alikuja huku kumzika shangazi yake. Amenieleza yote. Kwamba ulifungua kabati langu, ukatoa kinu cha kusagia mawe ya dhahabu, ukakipaka rangi ya buluu na kukigongelea kibati chenye jina lako. Kwamba Jumatatu utasaga nacho mawe mbele ya baraza linalochagua mkuu wa utafiti. Pazi, huna haya? Miaka yote hii nafundisha ubunifu wa mitambo, nakaimu kiti hicho hicho, napigania hadi misumari ya wanafunzi, na wewe hata Geita hujaikanyaga!

Tena si mara ya kwanza. Ulipousoma mhadhara wangu Nairobi kama wako, nililalamika. Ukanicheka mbele ya wanafunzi, ukasema Mzaramo akichukua cha mtani wake Msumbwa haibi, ni utani, na mtu mzima hanuni kwa utani. Wakacheka wote. Nami, bwege, nikacheka. Ulipomwambia mkuu wa kitivo kwamba nimehamia migodini kuchimba dhahabu yangu, ukasema utani pia. Nimekuchoka, Pazi. Nakuchukia mpaka chakula hakipiti.

Huku kazi inakwenda. Wanawake walikuwa wanatwanga mawe kwa vyuma kutwa nzima, viganja vyote malengelenge. Mama Bhoke, mkali wao, alikijaribu kinu cha kwanza akaniambia nirudi nacho nilikotoka. Nikakirudisha chuoni, nikaunda kingine. Hicho anakizungusha huku anaimba, na hataki mtu akiguse.

Sasa sikiliza. Kinu ulichokipaka rangi ndicho alichokikataa Mama Bhoke. Kikiwa kitupu kinazunguka vizuri ajabu. Ukitia mawe kinakwama ghafla, mpini unarudi na mkono wako. Najua hujakijaribu kwa mawe, maana Kalisti anasema uliogopa rangi isichubuke.

Kalisti anaondoka kesho. Angekufikishia barua hii kabla ya Jumatatu, lakini nimempa samaki wakavu tu awapelekee wanangu. Hii naitia posta ya Geita, ije taratibu, ikukute baraza limeshatawanyika.

Msalimie sana mama watoto, mwambie akukande kwa maji ya moto. Na usinune, ndugu yangu. Ni utani.

Mimi mtani wako,
Donatus Mihayo