Majibu ya Marehemu wa Nyamigogo

Dada Koleta mpendwa,

Hapa Nyamigogo mvua imetufungia ndani tangu asubuhi, na moyo wangu ni mzito. Jana nilikwenda kwa mama mmoja mkulima, ambaye mumewe nilimhoji nilipokuwa nikisomea shahada ya pili ya uchumi. Sasa nimerudi na maswali ya uzamivu, nikakuta mzee amefariki. Mama akanipakulia ndizi na maharage, kisha akasema, "Siku ile alikujibu mpaka jioni. Nisomee, mwanangu, nisikie alivyosema."

Nikafungua kompyuta. Dada, humo hamna majina wala maneno ya mtu. Majibu yote niliyageuza kuwa safu za tarakimu tu, na sikuweza hata kujua ipi ni yake. Nikamweleza ukweli. Akakitazama kioo cha kompyuta, akasema, "Basi kula, chakula kinapoa." Nilikula kwa shida. Maswali mapya sikumwuliza.

Mfikishie Mama shikamoo yangu hapo Rulenge. Akikusimulia habari za marehemu Baba, ziandike kama anavyozitamka, usifupishe. Mungu awatunze wote.

Mdogo wako,
Denisi