Mama, Paini Zako Sijaziuza

Mama,

Kamwene. Huku Uwemba viazi vimekubali mwaka huu, baridi ni ile ile, na mimi nimepata kazi. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza, hata kabla ya kuuliza kama nimekula.

Kazi iko Makambako, kwenye kiwanda cha kukamua mafuta ya parachichi. Niko maabara. Wananiletea mafuta, nadondoshea dawa tone kwa tone mpaka yageuke rangi ya waridi kidogo, kisha nasema kama yanafaa au hayafai. Na wanasikiliza, Mama. Wanaume wenye ndevu wanasimama mlangoni wakingoja neno langu. Ungefika pale ungejifunga khanga upya na kuuliza kwa sauti nani mama wa huyu binti. Wewe ndiye uliyewaambia akina mama wa jumuiya kwamba Edita anasomea kemia, "ni kama udaktari, ila hauna damu." Mpaka leo nikija nyumbani wapo wanaoniletea vikohozi vyao.

Uliondoka nikiwa bado nauza mbolea na dawa za viazi kwenye lile duka la pembejeo, cheti cha shahada kikiwa sandukuni kimefungwa kwenye nailoni. Hilo linaniuma. Nilitaka ule walau mshahara mmoja.

Huo mshahara wa kwanza nao ulikuja umeshamegwa. Unakumbuka bumu, zile fedha za mkopo zilizokuwa zinatufikia chuoni, mimi na wenzangu tukashinda tunakula chipsi kama watoto wa mawaziri? Sasa zinarudi zilikotoka. Kila mwezi wanakata kabla sijazigusa, na nilipoulizia deni lililobaki nilikaa chini kwanza. Nikamwambia mwenye nyumba wangu kule Lyamkena, Makambako, akacheka mpaka akashika ukuta. Mwenye nyumba wangu ni Felista, Mama. Felista yule yule niliyekaa naye dawati moja, aliyeishia kidato cha nne ukasema amepotea. Ana ghala la mahindi na vyumba vya kupangisha, na mimi msomi namlipa kodi.

Kwa hiyo nilianza kujiuliza kama kemia ilikuwa hasara. Na swali likakifikia kile kilima chako cha paini.

Baba mdogo Otmari ndiye aliyeanza. Tulikuwa tumekaa jikoni kwake, akasema miti ya paini uliyoipanda nilipoingia kidato cha kwanza ilikuwa ya ada yangu, na kwa kuwa serikali ilinikopesha haikukatwa, basi ikatwe sasa ilipe huo mkopo. "Mama yako hakuwahi kudaiwa hata chumvi," akasema. "Unataka adaiwe akiwa kaburini?" Na ni kweli. Nilikuona mara ngapi ukirudi njiani kupeleka kibaba cha unga ulichoazima asubuhi ile ile? Ulisema hutaki mtu akufuate nyuma ya kanisa baada ya misa kukukumbusha jambo. Nikaona aibu. Nikamwita dalali wa mbao.

Alikuja Jumamosi na buti mpya. Tukapanda naye kilimani, mimi na Baba mdogo. Alikumbatia mti mmoja mmoja kupima unene, akitikisa kichwa kana kwamba paini zako zinaumwa. Mwishoni akataja bei. Mama, ilitosha kumaliza deni lote, na chenji ya mbuzi ikabaki. Baba mdogo alikuwa ameshanyoosha mkono.

Nikamuuliza dalali atazifanyia nini. Akasema mirunda, ya kushikilia zege kwenye maghorofa. Nikauliza kwa nini si mbao. Akajibu bila kufikiri, "Mbao bado, hizi ni changa. Ukizisubiri hiyo ni bei nyingine kabisa." Kisha akaanza kufuta buti zake kwa majani. Nikaomba wiki moja.

Wiki hiyo nilifanya hesabu mpaka Felista akaniuliza kama narudia mtihani. Upande mmoja niliweka makato, kodi, chakula na nauli ya kuja Uwemba. Kinachobaki si kingi, lakini kinabaki, na deni linapungua kila mwezi bila mimi kunyanyua kidole. Upande wa pili niliweka kilima. Nikiuza leo, nanunua jina zuri kwa mirunda, halafu naanza upya na kilima kitupu. Nikisubiri, mkopo utakuwa umejilipa kwa kazi ile ile ambayo mkopo huo huo uliniwezesha kuipata, na mbao zitakuwa mbao. Felista alisikiliza, akasema, "Mimi benki inanidai na magunia yanaingia. Wewe aibu yako ni ya nini?"

Aibu ilikuwa yako, Mama, nilikuwa nimeirithi pamoja na shamba. Nimekaa nayo, nikaona ya unga na chumvi ninaibeba kwa furaha maisha yangu yote. Hii ya mkopo nimeiweka chini. Nisamehe kama huko uliko wamekusema.

Dalali nilimpigia simu nikamwambia hapana. Baba mdogo alininunia, kahawa niliyompikia hakuigusa, akasema wasomi tuna mioyo migumu. Jumapili iliyofuata nilipofika kilimani kufyeka njia za kuzuia moto nilimkuta yuko huko tayari na jembe lake, ameanzia upande wa juu. Mimi nikaanzia chini. Tulilima mpaka tukakutana katikati, akaomba maji.

Ukiniuliza kama kemia imelipa, nitakujibu inalipa polepole, na Felista yuko mbele yangu kwa mbali. Lakini ile rangi ya waridi inapotokea kwenye tone la mwisho, nafurahi kila mara. Sijui kingine ambacho kingenifurahisha hivyo na bado kinilipe.

Nakuahidi hivi: kila mwaka kabla ya kiangazi kukaza nitakuja kusafisha njia za moto kwa mikono yangu, na hakuna paini itakayoanguka kabla haijakomaa kuwa mbao. Ya kwanza itakayopasuliwa itakuwa benchi la kukaa pembeni yako, maana kwa sasa wageni wako tunakaa kwenye nyasi zenye umande.

Pumzika, Mama. Mwanao anadaiwa, na analala usingizi mzuri.

Edita