Trela ya Mkwe

Jumatatu, 7 Juni 2004

Imepita! Hadithi yangu imepita! Ule mradi wa vijana wa Mbeya unataka trela moja, kionjo cha filamu, kutoka kila chuo, na itakayoshinda itapewa kamera na mafundi ipigwe filamu nzima. Chuo chetu kinapeleka yangu. Yangu mimi, Tusekile wa Bulyaga! Chakula kimenishinda.

Hadithi yenyewe: nyumba inaungua, ndani kuna mzee mgonjwa, nje yuko mke wa mwanawe, peke yake. Na kwetu mkwe hamtazami baba mkwe. Ataingia? Hapo trela inakatika.

Jumatano, 9 Juni

Utafiti. Jina kubwa! Nimekaa banda la video la Faraji mchana kutwa, hakuna mteja, kanirudishia mikanda nione zile trela za mwanzoni tu. Nikamuuliza mbona zote zinakatika pale pale patamu. Akacheka — wee dada, ukishamwonyesha mtu mwisho, kesho alipe kiingilio cha nini?

Kisha Igogwe kwa bibi. Kasema kuchepuka, kule kumpisha baba mkwe, kunaanza posa ikikubaliwa, si mpaka harusi. Ukimwona baba mkwe anakuja unatoka njiani, hata kama ni matope, unaingia kwenye migomba, unainama. Naye anakupa mgongo. Nikauliza kama hiyo si chuki. Bibi kanitazama kama nimetukana kanisani. Chuki! Ni heshima, mjukuu wangu. Mtu asiye wako unamchepukia ya nini?

Hilo lazima liingie kwenye trela.

Jumamosi, 12 Juni

Tumempata mzee! Ni Mzee Jairo wa Lufingo, baba yake Hezron, yule anayeshika maiki kwenye klabu yetu ya filamu ya chuo. (Hezron... basi. Siandiki.) Mzee ana besi ya kwaya, ndevu nyeupe, na kukohoa anakujua! Winfrida, anayeigiza mkwe, kalia machozi ya kweli. Na mcheshi — ananiita bosi. "Bosi, nife sasa hivi au ninywe chai kwanza?"

Amri wa kupiga picha za harusi katupa Jumamosi ijayo, tarehe 19, kwa sababu siku hiyo hana harusi. Siku hiyo tu. Jumatatu yake mkanda unakwenda Mbeya. Nimeomba mvua isinyeshe. Tukuyu hii haiishi mvua, lakini nimeomba.

Jumatano, 16 Juni

Balaa!

Mazoezi asubuhi, kwenye njia ya mashamba ya chai. Ukungu, baridi inakata masikio. Jana usiku nilikuta kitenge kipya kitandani kwangu, cha kijani, kizuri ajabu. Nikasema mama huyu jamani, kamtafutia mkwe wa trela nguo! Leo alfajiri nikatoka nacho, na kwa baridi ile nikajifunga mwenyewe.

Mzee Jairo akatokea kwenye kona anacheka. Nikapunga mkono. Shikamoo, tata, baba yangu! Akaniangalia. Akakiangalia kitenge. Kicheko kikakatika — akanipa mgongo!

Nikadhani anaigiza. Nikapiga makofi, hapo hapo mzee, usisogee, safi kabisa! Winfrida akaninong'oneza, lakini mkwe ni mimi, na mimi niko huku. Mzee akarudi alikotoka, haraka, bila kugeuka. Hezron akaangusha maiki, akamkimbilia. Nikabaki nimeduwaa kama mbuzi barabarani.

Jioni. Nimejua. Kitenge ni cha mshenga! Mshenga wa Mzee Jairo! Alikuja jana mimi nikiwa chuo, mama akakiweka kitandani akisubiri kunieleza. Nikarudi usiku nimechoka, nikatoka alfajiri. Nilikuwa nakungoja ukae chini, mama anasema, wewe unakaa? Na kukivaa mbele ya mzee ndilo jibu lenyewe. Nimemkubali Hezron bila kujua! Mimi, niliyefanya utafiti!

Nimepiga kelele, mama naye kapiga zake. Baba kaongeza sauti ya redio.

Alhamisi, 17 Juni

Hezron alikuwa getini tangu asubuhi. Hajalala, inaonekana. Ati alimwambia mama yake tu kwamba ananipenda. Mama yake kamwambia mzee, na mzee si mtu wa kulaza jambo. Yeye alitaka kuniambia baada ya trela. Mjinga! Nimemwambia mjinga, nikarudia. Halafu akasema, hata ukikataa, maiki nitashika.

Nina hasira naye. Na moyo unaruka. Vyote kwa pamoja, sijui mtu anafanyaje.

Wilson wa klabu kajaribu nafasi ya mzee, ndevu za pamba. Akifika pa kufa anacheka. Hapana.

Ijumaa, 18 Juni

Mzee Jairo kaleta ujumbe kwa mdomo wa Winfrida. Binti aliyevaa bila kujua hajajibu, anasema, na mimi simfungi mtoto wa mtu kwa kitenge. Kesho nitapita njia ile ile ya chai. Nikimkuta njiani amesimama, akanisalimia, basi mimi ni mwigizaji wake, bosi aniamuru, na habari za mshenga zimekwisha bila kinyongo. Akichepuka, nimeelewa. Nitakufa vizuri vilevile, ila maneno yake ayalete Winfrida, maana mimi na yeye hatutaonana tena.

Hatutaonana! Dairekta asiyemwona mwigizaji wake! Onyesho lile nimeliota usiku na mchana, halafu lipigwe mimi nimetazama pembeni? Na kwenye televisheni je, naruhusiwa kumwangalia? Nani wa kumuuliza? Bibi atanicheka mpaka ashikwe kikohozi.

Mama kaniuliza tu, unamtaka humtaki? Nikamwambia nataka trela yangu. Akasema sikuuliza hilo.

Jumamosi, 19 Juni

Naandika huku huku shambani. Mvua hakuna! Ukungu upo, wa kutosha tu, mzuri mno. Majani mabichi ya migomba tumeyarundika kwa ajili ya moshi. Amri ameweka kamera begani — bosi, tuwashe? Nimemwambia washa, usizime mpaka Winfrida akuambie. Akashangaa, kwa nini Winfrida? Hezron ameshika maiki, anaangalia viatu vyake.

Kofia ya mzee! Kona ya juu. Anatembea polepole, makusudi, ananipa nafasi. Naweza kusema shikamoo, ni neno moja tu, na kila kitu kinarudi kama Jumamosi iliyopita, bosi na chai yake.

Asiye wako unamchepukia ya nini.

Matope ya pembeni mwa njia yameingia kiatuni. Daftari linalowa umande, kalamu inakwama. Nimejifunika kitenge mpaka kichwani, naona magoti yangu na mashina ya chai, basi. Nasikia fimbo yake. Imesimama. Maiki imeanguka tena, Hezron huyu! Na Amri anaita kwa sauti, kamera inazunguka jamani, bosi yuko wapi? Bosi!