Batiki ya Nyota Inayovua

Dada Mwanaidi,

Shikamoo. Marahaba nimejiitikia mwenyewe, maana mdogo wako hawezi kuanza kukusemesha bila salamu, hata kama uko kaburini.

Tangu utuache, watu wananifariji kwa kuniambia umekuwa nyota. Mimi mwalimu wa jiografia nawashukuru tu, lakini najua ungecheka: "Nyota? Na joto lote lile? Hili la Kariakoo tu limenishinda!"

Meza yako ya batiki nyuma ya soko sasa inauza makava ya simu. Nikipita nageuza uso. Nakumbuka Jumamosi ile nilipokaa pembeni yako nikiandaa somo, nikakuonyesha kwenye simu picha ya nebula. Ukaninyang'anya. "Nani huyu kaniibia rangi zangu?" Ulidhani ni batiki ya mshindani wako wa Magomeni! Nikakueleza kuwa ni wingu la gesi na vumbi, liko mbali huko kati ya nyota, na kwamba ndani ya baadhi ya mawingu hayo nyota mpya huzaliwa. Ulinisikiliza umeshika kiuno, kisha ukauliza wekundu ule umekolezwa na nini.

Basi tangu siku hiyo mimi nikawa nafundisha, wewe unachovya vitambaa kuiga picha zangu. Ile nyekundu, gesi yake inachochewa na nyota kali zilizo karibu mpaka inang'aa yenyewe. Ile ya buluu haing'ai, vumbi lake linarudisha tu mwanga wa nyota za jirani. "Kama mimi nikivaa dhahabu ya kuazima," ukasema. Ya giza uliipenda kuliko zote kwa sababu ilikuokoa na wateja. Mtu akilalamika kuna doa jeusi, ulimjibu bila kupepesa macho: "Siyo doa hilo, mama. Vumbi limekaa mbele ya nyota, nyota zenyewe ziko nyuma yake." Na ananunua! Bado nacheka nikiwa peke yangu, halafu nalia.

Moja tu uliikataa: ile ya nyota iliyozeeka, inayovua matabaka yake ya nje, gesi ikaizunguka kama pete. Huitwa nebula ya sayari ingawa haihusiani na sayari yoyote. Watazamaji wa zamani waliiona ya mviringo kwenye darubini zao, wakaiita hivyo. "Nani atavaa nyota inayokufa?" Nikakubembeleza, ni ya darasani tu, dada. Ukakubali kwa kununa.

Presha ilikuchukua kitambaa hicho kikiwa kwenye kamba uani, rangi ya kwanza imeshakauka, nyuzi ulizofungia mafundo bado zimekaza. Siku ya arobaini, tulipogawa nguo zako, shangazi akataka nacho kifunguliwe kigawiwe hivyo hivyo. Nikakishikilia. Nikasema nitakimalizia mimi. Wakanitazama, maana wote wanajua mikono yangu ni ya chaki. Niliogopa kweli, dada. Nikikiharibu, hakuna kingine chenye mafundo yako.

Nilichovya rangi ya pili, zambarau. Dawa ya kukamatisha rangi niliikadiria kwa macho kama ulivyokuwa ukifanya, ila macho yangu siyo yako. Nyuzi nilizikata taratibu, na kila uliokatika uliniuma. Pete zimetoka, zimepinda upande mmoja. Katikati, ulipokaza zaidi, pamebaki peupe: ndiyo nyota yenyewe, ndogo, bado ina joto. Haifikii zako. Lakini nimeipenda.

Jana nikajifunga batiki hiyo begani kwenda nayo shule. Mvua ikanikuta Jangwani, na rangi ikanichuruzika mkono mzima mpaka kwenye vidole. Wanafunzi walinicheka. Nikaitundika ubaoni hivyo hivyo, inadondoka, nikawatajia jina lako.

Mwenyezi Mungu akurehemu, dada yangu. Nakuahidi nitaendelea kuchovya, na zijazo nitazikamatisha vizuri. Hii iache initie rangi. Mpaka sasa sijanawa mkono.

Mdogo wako,
Zuhura